Haki ya Kuupa Utungo Jina: Anwani za Mashairi na Wajibu wa Mhariri

Makala haya yametokana na kosa la mwandishi wake, na ni vyema kosa hilo litajwe mapema ili msomaji ajue hoja zitakazofuata zimechipuka wapi. Miaka kadhaa iliyopita, katika shughuli ya kukusanya tungo za wanawake wa mwambao wa kaskazini mwa Kenya, nilirekodi utungo wa bibi mmoja mjane. Utungo huo haukuwa na jina. Mwenyewe alipotaka kuutaja alisema "yale ya minazi", na jirani zake nao walisema hivyo hivyo. Ulipofika wakati wa kuuingiza katika diwani, mhariri wa shirika lililotuchapishia alishikilia kwamba kila utungo uwe na anwani, maana ukurasa wa yaliyomo hauwezi kuorodhesha vitu visivyo na majina. Kazi hiyo niliifanya usiku mmoja. Beti mbili za mwanzo zilitaja machozi na kitanda cha marehemu. Nami nikaandika juu ya utungo, bila kusita, "Kilio cha Mjane".

Diwani ilipotoka nilimpelekea nakala. Bibi yule alisoma hati za Kiarabu lakini si za Kirumi, kwa hiyo alinitaka nimsomee, nami nikaanza na anwani. Akanikatiza papo hapo.

"Nani aliyekwambia ni kilio? Mimi sikulia, mwanangu. Niliwahesabia."

Nilirudi kwenye utungo na kuusoma kana kwamba sijapata kuuona. Baada ya zile beti mbili, beti zote zilizosalia zilikuwa hesabu: mnazi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mkono ulioupanda, na masika yaliyoushuhudia ukishika. Waliosomewa hesabu hiyo walikuwa shemeji zake, waliokuja baada ya matanga kugawa shamba. Kwa ufupi, utungo ule ulikuwa ushahidi. Ulivishwa nguo ya maombolezo mwanzoni ili usikatizwe kabla ya kufika ulikokusudiwa kufika, kwa sababu mjane anayeomboleza haambiwi anyamaze. Nami nilikuwa nimeichukua ile nguo nikaiita mwili. Maneno yake yote niliyahifadhi kwa uaminifu, hata matamshi ya lahaja yake sikuyagusa. Na bado kwa maneno mawili nilimgeuza mdai kuwa mlizi.

Swali linalotushughulisha hapa, basi, ni hili: je, mtu asiyeutunga utungo ana haki ya kuupa jina? Na kama anayo, ina mipaka gani? Wahakiki wetu wamezoea kuichukulia anwani kama suala la fani tu, jambo la kusifiwa likiwa na mnato na la kulaumiwa likiwa butu. Tunadai kwamba kabla ya kuwa suala la fani, ni suala la maadili.

Jina, kichwa na anwani

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili, na hayasemi kitu kimoja. Tunapolinena "jina" la shairi tunaliweka shairi katika hali ya mtoto; linaitwa ili litofautishwe na ndugu zake. Tunaponena "kichwa" tunalifanya kuwa mwili, na kichwa ndicho kinachoongoza viungo. Ama "anwani", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni lile lile tunaloliandika juu ya bahasha: linaonyesha barua inakwenda kwa nani na mahali gani. Mwenye kukosea jina hutambulika haraka, kwa kuwa mwenye jina haitiki. Mwenye kukosea anwani ana hatari kubwa zaidi, kwa sababu barua inaweza kufika salama kwa mtu asiyehusika, naye akaifungua, akaisoma na kuifurahia, pasi na yeyote kujua kwamba imepotea. Ndivyo "Kilio cha Mjane" kilivyofika madarasani.

Huenda tukaambiwa kwamba hata mtoto hajipi jina. Wazazi humpa jina siku ya saba, na aghalabu babu au shangazi huwa na kauli yake, wala hakuna anayeona dhuluma katika hilo. Hoja hii ina nguvu, lakini inatusaidia nusu ya njia tu. Mtoto hana kauli siku hiyo. Utungo una mzazi, na mara nyingi mzazi yuko hai, anakaa kijiji ambacho gari la mtafiti limekwisha kufika. Kumpa jina mtoto wa mtu bila kupiga hodi si desturi ya mahali popote ninapopajua.

Urithi wa tungo za kale

Ushairi wetu wa kale haukuhitaji anwani kwa maana tunayoifahamu leo. Tungo zilijulikana kwa mtunzi wake, au kwa kisa, au kwa bahari, au kwa tukio lililozizaa. Utendi ulionakiliwa mwaka wa 1728 kwa mkono wa Bwana Mwengo unajulikana kwa majina mawili: Utendi wa Tambuka, kwa mahali vita vilipokusudiwa, na Chuo cha Herkali, kwa mfalme wa Rumi. Majina yote mawili ni ya haki, na wala hayashindani. Moja linaangalia uwanja na jingine linamwangalia adui. Hamziya nayo ilirithi jina lake kutoka kwa kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, ambayo kina chake ni hamza. Jina la namna hiyo halidai kumwambia msomaji utungo unasema nini. Ni alama, kama alama ya mwenye ng'ombe, na tutaona kwamba unyenyekevu wa alama una thamani yake.

Tena, msomaji wa Kiislamu wa mwambao alilelewa na kitabu ambacho sura yake ndefu kuliko zote inaitwa kwa jina la ng'ombe, ilhali kisa cha ng'ombe ni sehemu ndogo tu ya sura hiyo. Hakuna aliyedhani kwamba jina hilo linatoa muhtasari. Dai la walimu wetu wa leo kwamba anwani "lazima ibebe dhamira" halina mizizi katika mapokeo haya. Limetoka penginepo, na tutalirudia.

Mfano unaopambanua zaidi ni Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakuuachia utungo wake bahati ya wanakili. Aliupa jina ndani ya beti zake za utangulizi, baada ya kueleza nia yake ya kutunga, kiasi kwamba mwenye kuliondoa jina hana budi kuuvunja ubeti. Hiki ni kitendo cha mtu aliyejua namna tungo zinavyosafiri. Hata hivyo William Hichens, alipolichapisha andiko hilo mwaka wa 1939, alilifuatisha jina hilo na jingine la Kiingereza linalozungumzia kuamka kwa roho. Si tafsiri mbaya. Lakini kufunuka na kuamka ni mambo mawili. Kinachofunuka kilikuwapo mbele yetu na pazia lilikuwa katikati. Anayeamka alikuwa amelala. Katika jina la kwanza kasoro iko kwenye pazia, yaani kwenye dunia inayodanganya; katika la pili kasoro iko kwa aliyelala. Mtu aliyesimama mbele ya magofu ya Pate amelala, au amedanganywa? Utungo wenyewe unamkemea moyo kwa yote mawili, na kwa sababu hiyo haifai anwani imkatie msomaji shauri.

Basi tuje kwa Mwana Kupona. Mwaka wa 1858, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Kwa Kiswahili unaitwa kwa jina lake tu: Utendi wa Mwana Kupona. Jina hilo linasema nani ananena, na linanyamaza kuhusu anachonena. Alice Werner na Hichens walipouchapisha mwaka wa 1934, waliuita The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty, yaani nasaha ya Mwana Kupona kuhusu wajibu wa mke. Ni kweli kwamba beti nyingi za katikati zinahusu namna ya kuishi na mume. Lakini utendi unaanza na dini na adabu kwa watu wote, na sehemu kubwa ya mwisho wake ni dua: mwanamke anayekabiliwa na mauti anamlilia Mola wake, anawaombea watoto wake na ndugu zake. Anwani ya 1934 ilichukua kiungo kimoja ikakiita mwili mzima.

Matokeo yake tunayajua sote tuliofundisha utendi huu. Mwanafunzi huja darasani akiwa tayari amekwisha kumhukumu Mwana Kupona kama wakala wa ubabedume, au kumsifu kama mlezi wa wake wema, na kwa vyovyote vile mjadala unazunguka pale pale alipopapigia mstari mhariri. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alihitaji kufanya kazi ya kuufungua tena mlango huo kwa kuonyesha kwamba lugha ya nasaha ile ina kejeli na ujanja wa mwenye kuyajua madaraka kutoka chini. Mtu anaweza kukubali au kukataa usomaji wake. Linalotuhusu ni kwamba palihitajika kazi kubwa ili msomaji asome kilichomo. Sidai kwamba anwani peke yake ilileta hali hiyo. Mazingira ya jamii na mitaala yana sehemu yake. Lakini anwani ndiyo iliyoandikwa juu ya jalada, na jalada huonekana kabla ya ubeti wa kwanza.

Kuhusu Muyaka tuseme machache. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu wa Mombasa hadi W. E. Taylor alipozikusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na Hichens akazitoa kitabuni mwaka wa 1940, yapata karne nzima baada ya mshairi kufariki. Kitabu kinaitwa Diwani ya Muyaka. "Diwani" ni neno linaloashiria mkusanyo uliopangwa. Na Muyaka, mtu wa barazani na wa majibizano, hakupanga diwani yoyote. Neno hilo linampa heshima na papo hapo linamtoa barazani na kumketisha maktabani. Ni bei ambayo pengine ilibidi ilipwe, maana bila kitabu hicho tungejua machache mno. Nalitaja ili tusidhani kwamba dhuluma ya majina hutoka kwa wenye nia mbaya.

Anwani kama maficho

Kufikia hapa huenda ikadhaniwa kwamba kosa pekee ni anwani isiyo sahihi, na kwamba anwani sahihi, inayotaja dhamira barabara, ingekuwa haina lawama. Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wa wenzangu. Kuna hali ambayo anwani sahihi ndiyo usaliti mkubwa zaidi.

Tumchukue Abdilatif Abdalla. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliokuwa na anwani ya swali, Kenya: Twendapi?, anwani isiyoficha kitu. Tungo alizozitunga kifungoni zikatoka mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Lakini ndani ya diwani hiyo mna tungo zenye majina kama "Mamba", "Jipu" na "Telezi". Mnyama, ugonjwa, na utelezi wa njia baada ya mvua: mambo ambayo askari jela yeyote angeyasoma akapita. Majina haya yanafanya kazi mbili zinazopingana. Yanamwambia msomaji mmoja kwamba hapa pana mnyama tu, na kumwambia mwingine kwamba mnyama huyu anajulikana. Mhariri mwenye bidii ambaye angetaka kumsaidia mwanafunzi, akaandika juu ya "Mamba" maneno yanayotaja utawala na ukatili wake, angesema jambo ambalo wasomaji wengi wanalikubali. Na angekuwa amemvua mshairi ngao yake. Mwenye fumbo ana haki ya fumbo lake, na haki hiyo haimaliziki siku anapotoka kifungoni, kwa sababu fumbo si kinga dhidi ya askari tu. Ni namna ya kumheshimu msomaji kwa kumwachia kazi ya kufumbua.

Kwa hiyo haitoshi kumtaka mhariri aelewe utungo. Nikirejea kwenye kosa langu, tuseme ningeelewa. Tuseme ningeandika "Hesabu ya Minazi Yangu" au "Dai la Shamba". Ningekuwa nimesema kweli, na ningekuwa nimeuharibu utungo, maana nguvu yake yote ilikuwa katika kuwafanya shemeji wakae kimya wakidhani wanasikiliza maombolezo hadi mnazi wa tatu au wa nne. Ningemtangaza bibi yule kuwa mdai tangu mstari wa kwanza, naye alichagua kutojitangaza. Anwani yangu ya uongo ilimdhulumu kwa njia moja. Anwani ya kweli ingemdhulumu kwa nyingine. Jina alilolitumia mwenyewe, "yale ya minazi", halikufanya dhuluma yoyote, nami nilikuwa nalo katika ukanda wa sauti tangu siku ya kwanza. Nililiona si la kifasihi.

Mshairi na jalada lake

Washairi wanaozipa kazi zao majina wenyewe wana uhuru ambao hatuna haja ya kuutilia shaka, ijapokuwa tunaweza kuupima. Shaaban Robert alipenda majina ya vito na mapambo: Pambo la Lugha, Koja la Lugha, Almasi za Afrika. Ni mshairi kama sonara, na nasaba ya taswira hiyo ni ya kale mno katika tungo za mwambao. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974, hakuvunja arudhi tu. Alivunja pia desturi ya jalada. Baada ya makoja na almasi, msomaji alipewa maumivu ya ubavuni. Nadhani sehemu ya ghadhabu iliyompata ilitokana na jalada hilo kabla ya kufika kwenye mishororo isiyo na vina. Na tuseme kweli, Karibu Ndani ya 1988 ni jina la mtu aliyekwisha kushinda mabishano na sasa anamkaribisha mgeni.

Majina ya mahali yana siasa yake. Mwaka wa 1966 Lyndon Harries alitoa tungo za Ahmad Nassir bin Juma Bhalo huko Marekani kwa jina la Poems from Kenya, mashairi kutoka Kenya. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1971, tungo za mshairi yule yule zilitoka kwa jina la Malenga wa Mvita, zikiwa na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin. Kutoka Wisconsin, Mombasa haionekani, inaonekana nchi. Kutoka Mombasa, linaloonekana ni mji wenye jina la kale na cheo cha umalenga ndani yake. Kisha mwaka wa 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na hapo neno moja lilitosha kuanzisha upya mjadala wa nani anamiliki ushairi wa Kiswahili. Diwani yao ya awali, Mashairi ya Kisasa ya 1973, ni ukumbusho wa hatari nyingine: "kisasa" ni neno linalozeeka haraka kuliko mashairi yaliyofunikwa nalo. Zaidi ya nusu karne imepita, na mashairi yenyewe yamedumu vizuri kuliko jalada lake.

Tuongeze kwamba mfasiri naye ni mpaji jina. Julius Nyerere aliipa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare jina la Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969, na mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare akawa tabaka zima. Ni hukumu iliyo wazi. Lakini Nyerere aliitia sahihi hukumu yake: jina lake liko juu ya jalada kama mfasiri, na asiyekubaliana naye anajua amfuate nani.

Sahihi ya nani?

Katika jambo hilo la sahihi, nadhani, ndimo ilimo kiini cha suala la maadili. Wapo watakaotukumbusha kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi, mhakiki hana wajibu wa kumtii mtunzi, na kwamba maana ni mali ya msomaji. Iwapo ndivyo, anwani ya mhariri ni usomaji mmoja miongoni mwa mingi, na lawama inatoka wapi? Jibu ni kwamba msomaji anaposoma, usomaji ni wake na hubeba jina lake. Nikiandika makala nikidai kwamba utungo fulani ni kilio, mwingine atanijibu kwamba ni hesabu, na wasomaji watatupima. Anwani haijibiwi. Inachapishwa kwa herufi kubwa juu ya maneno ya mtunzi, bila alama ya kuitenga, na kila anayeikuta hudhani imetoka kinywani mwake. Ni tafsiri yangu iliyotiwa sahihi ya mtu mwingine. Hilo katika shughuli nyingine yoyote, iwe hundi au hati ya shamba, tungeliita kwa jina lake.

Mitihani yetu imechangia kuifanya dhambi hii ionekane kazi ya kawaida. Kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wamepewa shairi lililovuliwa anwani na kuambiwa walipe anwani mwafaka. Zoezi hilo lina faida yake. Linampima mwanafunzi kama ameshika dhamira. Lakini linamfundisha pia, bila kutaja, kwamba jina la shairi ni jibu la swali, kwamba jibu ni moja au mawili, na kwamba yeyote mwenye kalamu anaweza kulitoa. Dai la kwamba anwani lazima ibebe dhamira, tulilolitaja hapo juu, limelelewa katika mwongozo wa kusahihisha. "Mamba" lingepata alama ngapi?

Kuna njia gani, basi, kwa mhariri aliyebanwa na ukurasa wa yaliyomo? Wengine hupendekeza mshororo wa kwanza utumike kama jina. Kwa mashairi ya kawaida njia hii inafaa kiasi, lakini kwa tendi haifai hata kidogo, kwa kuwa tendi nyingi hufunguliwa kwa bismillahi, kwa kumhimidi Mungu, au kwa kuomba karatasi na wino. Tungekuwa na diwani ambamo nusu ya tungo zinaitwa kwa jina la Mola na nusu kwa jina la wino. Njia iliyo karibu zaidi na haki, pale ambapo shairi lina kibwagizo, ni kulitumia neno la kibwagizo, kwa sababu mshairi mwenyewe ndiye aliyechagua kulirudia. Katika kurasa za mashairi za magazeti, tangu Mambo Leo lililoanza kutoka mwaka 1923 huko Tanganyika hadi Taifa Leo hapa kwetu, aghalabu kibwagizo ndicho kilichopanda juu kikawa jina, na washairi wakajibizana wakiyajua mashairi kwa vibwagizo vyake. Hata hapo tahadhari inahitajika, maana kibwagizo cha kejeli kikipandishwa juu bila sauti ya msemaji hugeuka kuwa kauli ya dhati.

Ambapo hakuna kibwagizo, mhariri amuulize mtunzi, au waliokuwa wakimsikiliza, wanauitaje utungo wanapoutaja. Jibu litakuwa duni kwa macho ya mchapishaji. Litakuwa "yale ya minazi", au "yale aliyomjibu fulani", au "ya mwaka wa njaa". Liandikwe hivyo hivyo. Na kama hakuna jina lolote, mhariri anayelazimika kutoa lake alizungushie mabano na kusema katika utangulizi kwamba mabano ni yake. Alama mbili za wino hazimpunguzii msomaji ladha, na zinamrudishia mhariri sahihi yake.

Nilipofika kwa bibi yule mara ya pili, nilikwenda na pendekezo la namna hiyo. Alilisikiliza kwa subira, akaniambia nifanye nionavyo, kwa kuwa wale waliohesabiwa walikwisha kusikia. Nilimwandikia mchapishaji, nikajibiwa kwamba nakala zilizosalia ni nyingi na toleo la pili halijapangwa. Bibi alifariki kabla ya toleo hilo kupatikana. Mwaka uliopita, toleo likiwa hatimaye linaandaliwa, nilimwendea binti yake kumwomba idhini ya kuliondoa jina la "Kilio cha Mjane" na kuweka "Yale ya Minazi". Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe wa darasa la saba kutoka ndani. Mtoto alikuwa amelikariri shairi la bibi yake kwa ajili ya tamasha la shule na alitaka nilisikie. Alisimama wima, mikono ubavuni, akaanza kwa kulitaja jina lake kwa sauti kubwa, lile nililolitunga mimi. Mama yake aliniangalia, akasema, "Mwalimu, huyu ndivyo anavyolijua." Muswada ungali mezani kwangu, na mahali pa anwani pako wazi.